Visingizio Kumi vya Kuiba Nyimbo, Kutoka Kibomet Hadi Bungoma

Panda matatu ya Kitale kwenda Bungoma asubuhi yoyote. Kabla hamjafika Kiminini mtakuwa mmesikia benga, injili, Bongo Fleva na nyimbo za litungu, ala ya nyuzi ya Wabukusu, zote kutoka kwenye flashi moja iliyochomekwa kando ya usukani. Muulize dereva nyimbo hizo alizinunua wapi. Atacheka, na abiria watacheka naye.

Kupenda wasanii wetu tunajua. Mwimbaji akitoa wimbo mzuri tunamjua kwa jina, kwa ukoo, hata kwa shule aliyosomea. Kumlipa ndiko kunakotupandisha homa. Mkulima wa Trans Nzoia akipewa bei mbaya ya gunia la mahindi, kelele zake husikika mpaka Nairobi, na sisi majirani tunampigia makofi. Mwimbaji wa hapa hapa hapewi hata hiyo bei mbaya, na wanunuzi ni sisi wenyewe.

Basi nimepanga visingizio kumi ninavyovisikia hapa Kibomet, kuanzia kile ambacho mtoto wa gredi ya pili angekivunja kabla ya uji, hadi kile kinachoniuma kwa sababu kina ukweli ndani yake. Tuhesabu tukirudi nyuma.

10. "Mimi sikuiba. Nilitumiwa tu kwenye WhatsApp."

Na aliyekutumia alitumiwa na nani? Na binamu yake wa Chwele. Na huyo wa Chwele? Na shemeji wa Webuye. Wimbo umezunguka ukoo mzima, umekula chai kila nyumba, na hakuna aliyetoa shilingi. Ukoo mzima ni mashahidi, mwizi hayupo!

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamkazia macho zaidi anayetengeneza nakala za kuuza au kukodisha: faini ya hadi shilingi 400,000, au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili. Wewe hukuuza, nakubali. Lakini shangazi akitaka wimbo, mtumie kiungo cha mahali msanii mwenyewe alipouweka, usimtumie faili. Kidole ni kile kile, na mara hii msanii anahesabiwa.

9. "Neno la Mungu haliuzwi."

Biblia yako ilinyesha na mvua? Uliinunua dukani, ukapewa risiti. Mwimbaji wa injili hulipa studio, humlipa mpiga kinanda, hulipa nauli ya kwaya nzima na kushona sare zinazofanana. Yesu mwenyewe alipowatuma wale wanafunzi waende vijijini alikuwa na la kusema kuhusu ujira wa mfanyakazi. Fungua Luka sura ya 10 usome. Ukimaliza, pitia Kutoka sura ya 20. Amri inayokataza wizi ni ya nane kwa Waprotestanti wengi na ya saba kwa Wakatoliki, kwa hiyo hata ukihama kanisa utaikuta inakusubiri.

8. "Wimbo uko YouTube, kwa hiyo ni wa bure."

Ni bure kuusikiliza pale pale. Tangazo linalokukera ndilo linalolipa. Chaneli ikishafikisha wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka, mwenyewe anaweza kuanza kugawana fedha za matangazo. Kwa hiyo ukimtazama msanii anayechipukia, hata kabla hajaanza kulipwa, unamsukuma kuelekea kwenye mlango huo. Ukichukua kiungo ukakipeleka kwenye tovuti ya kunyofoa sauti, umeondoka na wimbo, ukaacha saa zake, matangazo yake na hesabu yake. Kampuni za muziki ziliishtaki tovuti kubwa kuliko zote za kazi hiyo, youtube-mp3.org, nayo ikafungwa mwaka 2017. Watoto wake na wajukuu wake bado wako hai, na najua kijana fulani wa boda anayewajua wote kwa majina.

Jambo moja tu: angalia chaneli ni ya nani. Nyimbo nyingi za kwetu zimepandishwa na watu wasiojulikana, wakaandika "official" kwa herufi kubwa. Tafuta ile ambayo msanii mwenyewe huitaja anapohojiwa redioni. Sekunde tano za tangazo hazijaua mtu.

7. "Nimeulipia, basi naupiga nitakavyo."

Ulilipia masikio yako. Baa, kinyozi, hoteli na matatu vinahitaji leseni yao, kwa sababu pale wimbo unavuta wateja. Watunzi wana shirika la MCSK, watayarishaji wana KAMP, waimbaji na wapiga ala wana PRISK. Leseni za mashirika haya zimekuwa na mivutano mingi na bodi ya hakimiliki, KECOBO, kwa hiyo uliza kwanza KECOBO nani anaruhusiwa kukusanya mwaka huu, kisha lipa. Na wewe kinyozi, ukishalipa punguza sauti kidogo. Nakuambia nataka nywele ndogo nyuma, unasikia nataka upara.

6. "Huo ni wimbo wa mababu, hauna mwenyewe."

Hapa naheshimu hoja, maana nusu yake ni ya kweli. Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, Bungoma na Kitale zinapojaa vijana wanaozunguka na njuga za chinyimba wakialika watu tohara yao, hakuna mtu awezaye kusimama aseme sioyaye ni yake. Ni ya Wabukusu wote. Tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni, na chini yake haki za mali ya namna hiyo ni za jamii.

Lakini wimbo ni kitu kimoja na rekodi ni kitu kingine. Kikundi kikienda studio kikaurekodi wimbo wa jadi kwa sauti zao, kwa litungu lao, kwa pesa zao, rekodi ile ina mwenyewe. Wataka wimbo wa mababu bure? Uimbe. Simama uwanjani, kohoa kidogo, anza. Ukiona majirani wanafunga madirisha, nunua rekodi.

5. "Wimbo wenyewe ni wa zamani, na mwimbaji alishafariki."

Hiki nakipenda, kwa sababu jibu lake lina hesabu, na hesabu hiyo inapita katikati ya nchi yetu ya magharibi.

Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki ya utunzi hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 zaidi, ikihesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki. Rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa studio, ina miaka 50 yake kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Sasa wachukue wazee wawili. George Mukabi, yule fundi wa gitaa wa Kisa ambaye vidole vyake viliwafundisha wengi mtindo wa omutibo, aliuawa mwaka 1963. Muda wa tungo zake umeshapita. Uko huru kuzipiga, kuziimba, hata kuzirekodi upya, na nakuomba ufanye hivyo kwa sababu ni nzuri mno kuachwa zife.

Daudi Kabaka ni habari nyingine. Alifariki mwaka 2001. Ongeza 50. Tungo zake zina mwenyewe mpaka mwisho wa 2051, hata kama rekodi zake za miaka ya sitini zimeshapitisha muda wa rekodi. Anayesema "Kabaka ni wa zamani" amewahi kidogo. Ana miaka mingi ya kusubiri. Na usidhani haki hizo ni karatasi za kufungia maandazi. "Helule Helule" ya Kabaka ilivuka bahari; mwaka 1968 kundi la Kiingereza, The Tremeloes, liliitoa upya na ikaingia katika ishirini bora za Uingereza. Wimbo wa mwana wa magharibi ya Kenya, ukichezwa na vijana wa London waliovaa suruali za kubana. Wimbo wa namna hiyo jina la mtunzi likiandikwa sawasawa, pesa ina pa kwenda. Likiandikwa vibaya, watu hugombana miongo: "Malaika" aliorekodi Fadhili William, mwenzake Kabaka wa bendi ya Equator Sound, umezunguka dunia nzima na hadi leo watu wanabishana nani hasa aliutunga.

Ukitaka hizo za zamani kwa njia halali, kuna kazi ya Ketebul Music ya Nairobi, ambao wamechimba historia ya benga na nyimbo nyingine za zamani wakaitoa kwa rekodi na vitabu. Na kama baba yako bado anatunza gramafoni, kuna Melodica pale Tom Mboya Street, Nairobi, duka la santuri lililofunguliwa miaka ya sabini. Mpeleke mzee. Atakuharibia siku nzima akikusimulia alicheza na nani, na utafurahi kwamba ulimpeleka.

4. "Wanamuziki ni matajiri. Si umeona gari kwenye video?"

Gari la kwenye video mara nyingi ni la kuazima, na mwenyewe alikuwa nyuma ya kamera akihofia rangi. Mwaka 2019 MCSK iligawa mirabaha, na wanachama wake wakalalamika hadharani kwamba kila mmoja alipata Sh2,530. Piga hesabu ya nauli ya kwenda Nairobi kuuliza kwa nini ni kidogo, na ya kurudi, uone kinachobaki.

Huko kwenye programu za kimataifa nako si sikukuu. Tangu 2024 Spotify hailipi wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita. Kwa nyota wa Nairobi, elfu moja ni kabla ya kifungua kinywa. Kwa anayeimba Kibukusu, na wasikilizaji wake wengi wanampata kwa flashi, elfu moja ni mlima. Kila faili tunayopeana gizani ni hesabu moja anayokosa katika kuupanda. Kwa hiyo yule tajiri tunayemwonea wivu hatumgusi sana kwa wizi wetu. Anayeumia ni huyu wa hapa.

3. "Sina kadi ya benki."

Mwaka 2003, Apple ilipofungua duka la iTunes na kuuza wimbo kwa senti 99 za dola, kisingizio hiki kilikuwa cha dhahabu. Kijana wa Kitale angelipa vipi? Kwa kuku? Lakini M-Pesa ilikuja 2007, na tangu 2022 kuna M-Pesa GlobalPay, kadi ya Visa isiyoshikika inayoishi ndani ya simu yako na kulipa mtandaoni kutoka salio lako la M-Pesa. Kisingizio kimezeeka, kipeni kiti kikae.

Sasa tuingie sokoni. Ukitaka kununua wimbo uwe wako kabisa, faili unayoweza kuiweka kwenye flashi hiyo hiyo unayoipenda, nenda Bandcamp kama msanii wako yupo. Pale msanii hupanga bei mwenyewe, nawe unaruhusiwa kuongeza ukiguswa. Jukwaa huchukua asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo, ada ya malipo nayo hukatwa, na kinachobaki ni cha msanii. Mimi naipenda njia hii kuliko zote, kwa sababu unalipa mara moja, unamjua unayemlipa, na hakuna mwisho wa mwezi wa kukutisha.

Ukitaka kusikiliza bila kumiliki, Boomplay ilianza Nigeria mwaka 2015 na ikafika mikononi mwetu ndani ya simu za Tecno. Huenda unayo na unaifuta kila mwezi ukitafuta nafasi ya picha. Spotify ilifunguliwa Kenya Februari 2021, na ina upande wa bure wenye matangazo na upande wa kulipia. Na kama kweli mfuko umetoboka, Mdundo, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2013, inakuruhusu kupakua nyimbo na miksi za madijei bure na kwa halali, matangazo yakigharamia. Soma tena sentensi hiyo. Kuna mahali pa kupakua bure bila kuiba! Mtu akiendelea kuiba baada ya hapo, ameamua kuwa ni mchezo anaoupenda.

Halafu kuna njia ambayo hata simu ya kabambe inaiweza: mlio wa Skiza, anaousikia anayekupigia. Zamani wasanii walilia kwamba fedha za milio zinaishia njiani. Marekebisho ya sheria ya hakimiliki ya mwaka 2019 yakaandika mgao wenyewe: baada ya kodi, mwenye wimbo apate si chini ya asilimia 52, kampuni ya simu 39.5, na mtoa huduma wa katikati 8.5. Pongezi kwa waliopigania hiyo. Kwa hiyo weka mlio wa mwimbaji wa kwenu, kisha uchelewe kidogo kupokea. Wanaokudai watasikia muziki mzuri wakikusubiri.

2. "Bando ni ghali kuliko wimbo."

Mkaazi wa Endebess au Cheptais akiniambia hivi, sibishani naye. Mtandao wa kule mlimani unajua kumchosha mtu. Lakini hii ni sababu ya kununua, wala si ya kuiba. Wimbo unaoupenda ukiusikiliza mtandaoni kila siku unalipia bando kila siku. Ukiununua au ukaupakua kihalali mara moja, labda siku umekuja mjini kwenye Wi-Fi ya mtu mwema, unaupiga shambani mwaka mzima bila hata mnara. Na wewe wa Kibomet unayetazama vichekesho mpaka saa nane usiku, kisha asubuhi ukakosa bando la wimbo mmoja, tunaisikia sabufa yako. Tunajua.

1. "Nyimbo za kwetu hazipatikani huko."

Hiki ndicho kizito. Nimekisikia kwa mama mmoja aliyetaka nyimbo za litungu za harusi ya mwanawe, na sikuwa na jibu la haraka. Alikuwa ametafuta kwenye simu, akapata vipande viwili vilivyopandishwa na mtu asiyejulikana. Kwenye kibanda cha steji, kijana anayejaza nyimbo kwenye memori kadi alikuwa nazo hamsini.

Tuseme ukweli: kwa muziki wa lugha zetu, maharamia ndio wasambazaji. Ilianza zamani. Wakati wa kaseti, kampuni kubwa za kigeni zilizokuwa na studio na viwanda Nairobi zilifunga na kuondoka, nakala za wizi zikiwa miongoni mwa yaliyozichosha, na biashara ikabaki kwa wachuuzi wa River Road. Kaseti ikawa CD ya kuchomwa, CD ikawa flashi. Kila mara chombo kilibadilika, na kila mara mpiga litungu wa Bungoma alilipwa kwa harusi, kwa matanga na kwa siku za soko, lakini kwa rekodi yake asipate kitu. Kijana wa kibanda anajua wateja wanataka nini, anajua wimbo gani ulitoka wiki iliyopita Kimilili, na katika kompyuta yake mna nyimbo ambazo hakuna maktaba yoyote nchini iliyozitunza. Siwezi kumwita adui. Anafanya kazi muhimu, na anaifanya kwa mali ya watu wengine.

Ninachokitaka ni kidogo na kinawezekana. Mwimbaji, hakimiliki yako ilizaliwa siku uliporekodi, hata kabla ya kujaza fomu yoyote. Lakini isajili KECOBO ili siku ya ugomvi uwe na karatasi. Weka namba yako ya malipo kwenye kila bango na mwanzoni mwa kila video, isomeke. Mtu akikutumia pesa mwenyewe, mtumie faili siku hiyo hiyo, na usimwambie studio imepoteza. Hakuna kampuni ya California itakayokuja kukutafuta Chwele. Watu wanaoelewa maneno ya nyimbo zako ndio hawa, na shilingi zao ndizo soko lako lote.

Msikilizaji, hapa ndipo wimbo wa lugha ndogo unapotofautiana na ule wa nyota wa dunia. Mimi nikimwibia yule wa dunia, atalipwa na mamilioni wengine. Nikimwibia mpiga litungu wa Sirisia, sioni mwingine atakayemlipa. Mpigie simu. Msalimie mulembe, umuulize albamu nzima ni pesa ngapi, na akitaja bei usianze kupunguza kana kwamba ni mitumba.

Na wewe kijana wa kibanda pale steji ya Kitale, usifunge mlango, bado nakuhitaji. Chagua waimbaji watano ambao wateja wako huwaulizia zaidi. Watafute; unajua nyumbani kwao kuliko mimi. Andikianeni hata kwa ukurasa mmoja, nyote mweke sahihi: wimbo mmoja shilingi ishirini, kumi na tano za mwimbaji zinazotumwa kila Jumamosi kwa M-Pesa, tano zako wewe. Kisha bandika bei hiyo ukutani kwa kalamu nene, na majina yao matano juu yake, ili yule mama wa harusi akija ajue anamlipa nani.